Uwanja wa Ambakisye

"Jani halijui kimo chake hadi fyekeo lilale." Mmemsikia mjomba wenu akimwambia mama yenu hivyo, baada ya mama yenu kumkataza ndugu yenu Lugano asiende shule ya bweni. Sasa mnaniuliza mimi bibi yenu maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapahapa kwetu Rungwe, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mtu aitwaye Ambakisye. Mkewe alifariki akamwachia binti mmoja, Tusekile, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa umepooza tangu utotoni. Ambakisye alimpenda mno. Alimtekea maji, alimpikia, alimfulia, hata alipokwisha kuwa msichana mkubwa. Mbele ya nyumba yao palikuwa na uwanja mpana wa majani, naye aliufyeka kila mara, ukabaki kama kichwa kilichonyolewa, ili binti yake asijikwae wala nyoka asipate pa kujificha. Tusekile alikaa barazani akimtazama. Akishika ufagio, baba husema, "Weka chini, mwanangu, utaanguka." Naye huweka.

Mwaka mmoja, masika yalipoanza, Ambakisye aliteleza kwenye tope akavunjika nyonga. Wanaume wakambeba kwa machela hadi hospitali. Njiani hakuililia nyonga yake. Alilia, "Tusekile wangu atakula nini?" Jirani yao, Mama Anyambilile, akaahidi kumwangalia.

Masika yote yalipita yeye yuko kitandani. Siku aliyorudi, akitembea kwa magongo, alisimama njiani akidhani amepotea. Uwanja aliouzoea haukuonekana. Majani yalikuwa yamefika kiunoni, na ndani yake maua ya njano na ya zambarau ambayo hakuwahi kuyaona kwake. Kijia chembamba kilipita katikati. Kwenye kijia hicho alikuja Tusekile akichechemea, fimbo mkono mmoja, ndoo ya maji mkono wa pili, jasho likimtiririka.

"Baba! Umerudi!"

"Nani amekupa hiyo ndoo?" Ambakisye aliuliza. "Mama Anyambilile yuko wapi?"

"Alikuja siku za mwanzo. Halafu mwanawe akaugua, nikabaki peke yangu. Nilianguka, baba. Nilianguka sana. Nikawa nainuka."

Ambakisye aliangalia magoti ya binti yake yenye makovu, moyo ukamwuma. "Pole, mwanangu. Kesho nitamtafuta mtu aje afyeke pori hili. Nawe utapumzika."

"Hapana, baba."

Neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Tusekile mwenyewe alilishtukia. Akaweka ndoo chini, akavuta shina moja refu lenye maua mengi, akamwonyesha.

"Unalijua hili?"

"Silijui. Limetoka wapi?"

"Halijatoka popote. Ni lile jani lililokuwa likitambaa hapa mlangoni, likitoa kiua kimoja kidogo kama punje ya ulezi."

"Lile ni jani fupi, Tusekile. Nimelifyeka miaka yote."

"Si fupi, baba. Kila liliponyanyuka lilikatwa, likajifunza kujilaza ili fyekeo lipite juu yake. Ulipoondoka, likasubiri kidogo, kisha likaanza kusimama."

Ambakisye alilishika lile shina, akalipapasa kutoka chini hadi juu kama anayepapasa uso wa mtoto. Kisha akauliza polepole, "Na wewe, mwanangu, ulikuwa ukijilaza?"

Tusekile aliinamisha kichwa. "Nilijua unanipenda, baba. Sikutaka kukuudhi."

Mzee akalia, hakujificha. Alipokwisha kujifuta machozi, akasema, "Nina kiu. Nipe maji."

Tusekile akachota kwa kata, akapiga goti lake moja zima, akampa kwa mikono miwili. Ambakisye akanywa yote. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kupokea maji kutoka kwa binti yake.

Tangu hapo alifyeka kijia tu. Wapita njia walipomcheka, wakisema mzee amezidiwa na pori, aliwaitikia akiwa amekaa barazani, huku Tusekile akipika ndani: "Jani halijui kimo chake hadi fyekeo lilale."