Bi Pimbi na Gofu ya Kiboko

Haya, wenyewe mpo?
— Tupo, tumekaa!
Nimekuja na mzigo.
— Utue!
Mzigo wenyewe ni uongo mtupu.
— Ndio tuupendao! Fungua tuone!

Nafungua basi.

Hapo kale palikuwa na bonde katikati ya mlima na mto. Watu walikuwa wakicheza gofu bondeni humo, kisha wakahama, wakaacha kila kitu: fimbo, mipira midogo myeupe, mashimo yenye vibendera. Wakaacha na majani. Majani hayo, jamani! Chemchemi ilipita chini yake, kwa hiyo hata kiangazi kikikaza na mlima ukawa mwekundu kama kigae, bonde lilibaki kijani, laini, tamu.

Wanyama wa mlimani na wanyama wa mtoni wakapatana. Kila mwaka, kabla ya kiangazi, watacheza gofu timu kwa timu. Mashindano ya kirafiki tu. Watacheka, watataniana, watakula majani pamoja, kisha kila mtu kwake.

Ikawa hivyo mpaka Kiboko alipokuwa nahodha wa timu ya mtoni. Kiboko alikuwa na nguvu za kuangusha mti, na tumbo lake halikulijua neno "basi." Akasema, "Mashindano bila zawadi ni mashindano gani? Timu itakayoshinda itakula majani ya bonde peke yake kiangazi chote. Na mshindi ni yule atakayepiga mpira mbali zaidi."

Nani wa kumbishia? Kiboko akashika fimbo. Puuu! Mpira ukavuka bonde. Akashinda. Mwaka uliofuata, puuu! Akashinda. Mwaka mwingine tena, puuu! Akashinda. Na wenzake wa mtoni hawakuonja kitu, maana alijilaza katikati ya bonde akala yeye, yeye, yeye.

Huko mlimani aliishi Bi Pimbi, mnyama mdogo wa kwenye mawe, mwenye masikio mafupi na macho yasiyotulia. Kiangazi kilichopita watoto wake walitafuna magome ya miti. Siku moja ya kiangazi hicho alimpakata binti yake mdogo, akampapasa ubavuni, akakuta mifupa. Bi Pimbi hakulia. Alipanda juu ya jiwe, akautazama mgongo wa Kiboko uking'aa kule kwenye majani, akawaza.

Msimu wa mashindano ulipokaribia, wanyama wote wakakusanyika. Swali likawa: nani ataandaa? Maandalizi ni kazi. Mashimo yazibuliwe, vibendera vishonwe, sheria zipangwe, watu waitwe. Kila mtu akatazama chini. Kiboko akapiga mwayo, akasema, "Hizo ni kazi za wadogo."

Bi Pimbi akasimama. "Nitaandaa mimi, Bwana Mkubwa."

Kiboko akacheka hadi mashavu yakatikisika. "Andaa, mdogo wangu, andaa! Mimi kazi yangu ni kushinda."

Bi Pimbi akaitisha kikao cha maandalizi. Akamtuma Korongo, ambaye hakuwa wa mlimani wala wa mtoni, akamwalike Kiboko. Korongo akaruka, pa-pa-pa-pa, akatua ukingoni.

"Bwana Mkubwa, unaitwa kikaoni."

"Kikao kina chakula?"

"Hakina."

"Basi amueni wenyewe."

Bi Pimbi akaitisha kikao cha pili. Korongo akaruka, pa-pa-pa-pa.

"Bwana Mkubwa, unaitwa kikaoni. Leo tunapanga sheria."

"Kikao kina chakula?"

"Hakina."

"Basi amueni wenyewe."

Kuro, yule swala wa mtoni mwenye pembe ndefu, akasema kwa adabu, "Bwana Mkubwa, niende mimi nikatuwakilishe?"

"Uende wewe, kisha watu waseme mtoni kuna wakubwa wawili? Kaa hapo!"

Kuro akakaa.

Kwa hiyo kikaoni wakawa wale wa mlimani peke yao, na Korongo. Bi Pimbi akasema, "Jamani, tuucheze mchezo huu kama walivyoucheza wenyewe waliotuachia. Mpira utumbukie shimoni. Kila pigo moja, kokoto moja inatiwa kwenye kibuyu cha timu. Mwishoni, timu yenye kokoto chache ndiyo mshindi."

Digidigi, ambaye hutetemeka hata akisikia jani limeanguka, akasema, "Dada, Kiboko akiijua sheria hiyo atajifunza kupiga polepole. Atatushinda vilevile."

"Hatujamficha," akasema Bi Pimbi. "Tumemwita. Na siku yenyewe nitamwambia tena mbele za watu. Nyinyi kazi yenu ni moja. Akipata kokoto, mshangilieni."

Siku ikafika. Vibendera vinapepea, pepe, pepe. Mtoni wamejaa upande huu, mlimani wamejaa upande ule. Bi Pimbi akasimama juu ya kichuguu, akapaza sauti.

"Bwana Mkubwa, kabla hatujaanza, niwasomee watu sheria tulizopanga kikaoni?"

"Sheria zinaliwa?"

"Haziliwi."

"Basi tuanze!"

"Lakini unazikubali?"

"Nazikubali zote!" akanguruma Kiboko. "Hata hizo ambazo sijazisikia! Tuanze, nina njaa!"

"Mmesikia, jamani?"

"Tumesikia!" wakajibu wa mlimani. "Tumesikia," wakajibu wa mtoni.

Vibuyu viwili vikawekwa chini ya macho ya Korongo, mwamuzi. Kiboko akanyakua fimbo. Puuu! Mpira ukalipita shimo, ukaingia vichakani. Korongo akatia kokoto kibuyuni, koo! Wa mlimani wakashangilia, "Hoyeee!" Kiboko akatabasamu. Puuu! Mpira ukatoka vichakani, ukalipita shimo tena. Koo! "Hoyeee!" Puuu! Koo! "Hoyeee!"

Kuro akanyoosha mkono. "Bwana Mkubwa, na mimi nipige kidogo?"

"Toka hapa, napiga mimi!"

Mpira wa Kiboko ulipotumbukia hatimaye, zamu ya mlimani ikafika. Bi Pimbi akaupapasa mpira kwa fimbo, tik. Ukaviringika kidogo. Koo. Tik tena. Koo. Ukatumbukia. Kiboko akachungulia vibuyu vyote viwili, akaangua kicheko. "Kibuyu chenu kina sauti ya tumbo tupu! Tazameni changu!"

Wakaenda hivyo, shimo kwa shimo. Huku puuu, huku tik. Lakini mchezo ni mchezo, haukosi mikosi. Kwenye shimo lililo karibu na bwawa, mpira wa mlimani uliingia topeni. Digidigi akapiga, ukazama. Akapiga, ukazama zaidi. Nyani akapiga, akajirushia tope usoni. Koo, koo, koo, koo! Kibuyu cha mlimani kikaanza kuwa kizito. Na Kiboko? Pale bwawani kwake hasa, mpira wake ulidunda kwenye gogo, ukaingia shimoni wenyewe. Bi Pimbi akatazama vibuyu. Vilikuwa karibu sawa.

Likabaki shimo la mwisho. Mlimani wakatangulia, wakapiga vizuri tu, tik, tik, tik, tik, tik, wakamaliza. Kisha Kiboko akajiandaa. Akavuta pumzi, tumbo likapanda, tumbo likashuka. Puuuuu! Mpira ukapaa juu, ukashuka, ukagonga jiwe, ukaviringika, ukaviringika, ukaviringika, ukasimama kwenye mdomo kabisa wa shimo. Ukipulizwa tu, unatumbukia.

Safari hii wa mlimani wakasahau kushangilia. Digidigi akafumba macho. Bi Pimbi akakiwaza kiangazi kinachokuja. Akauona mlima mwekundu. Akawaona watoto wake na magome yao. Pigo moja tu dogo, na bonde limekwenda tena.

Na Kuro, ambaye tangu asubuhi alikuwa akijiuliza kwa nini watu wa mlimani wanamshangilia adui yao, sasa akaelewa. Akaja mbio. "Bwana Mkubwa! Sukuma tu uingie! Sukuma tu!"

Hapo Bi Pimbi akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha kujikaza, lakini kilisikika uwanja mzima.

"Hongera, Bwana Mkubwa!" akasema. "Sukuma umalize. Shimo hili sisi tumepata kokoto tano, wewe utapata mbili. Lo, mkubwa mzima na kokoto mbili! Lakini si neno, huenda umechoka."

Kiboko akasimama na fimbo hewani. "Mbili?"

"Mbili."

"Na nyinyi tano?"

"Tano, Bwana Mkubwa. Sisi wadogo."

"Sukuma tu!" akalia Kuro. "Usimsikilize! Sukuma!"

"Wewe Kuro, unataka nipunjike mbele za watu?" Kiboko akageuka, akaupa mgongo ule upande wenye shimo, akauchapa mpira kwa nguvu zake zote. Puuuuu! Ukarudi ulikotoka, ukapita vichaka, ukapita matete. Koo! "Hoyeee!" Akaufuata mbio, puuu! Koo! "Hoyeee!" Puuu! Koo! Akapiga hadi kibuyu kikajaa, kokoto zikamwagika pembeni. Hapo ndipo aliporidhika, akautumbukiza mpira.

"Haya!" akasema, jasho likimchuruzika. "Niambieni nani mshindi."

Korongo akanyoosha shingo. "Kwa sheria ya kikao, ambayo Bwana Kiboko ameikubali mbele ya watu wote, mwenye kokoto chache ndiye mshindi. Mlimani wameshinda!"

Jamani, kelele! Nyani walirukaruka, nungunungu walitikisa miiba chwa-chwa-chwa, na Digidigi, yule mwoga, alimpanda Kiboko mgongoni bila kujua amefika huko vipi, akacheza, kisha akajiona alipo akashuka haraka. Bi Pimbi akabebwa juu. Akaliona bonde lote kutoka huko, kijani mwanzo hadi mwisho, na machozi aliyoyazuia kiangazi kizima yakamtoka hapo, akiwa anacheka.

Kiboko akanguruma, "Nimedanganywa! Mtoni, simameni! Tuwapige!"

Hakuna aliyesimama. Kuro akasema taratibu, "Bwana Mkubwa, mimi sikupiga hata mpira mmoja. Umecheza peke yako, sasa umeshindwa peke yako."

Bi Pimbi akateremshwa chini, akajifuta uso. "Shemeji Kuro, njoo na wenzako wote wa mtoni. Bonde ni letu mwaka huu, na sisi tunawakaribisha. Na wewe Bwana Mkubwa, karibu ule. Ila kuna foleni. Utasimama nyuma ya watoto."

Nyuma ya watoto! Kiboko akatazama foleni ya vitoto vya pimbi, kila kimoja kikubwa kama embe, vinasukumana na kuchekelea. Aibu ikampanda hadi masikioni. Akarudi mtoni, buluuu, akazama, akaacha pua tu nje. Tangu siku hiyo Kiboko hushinda majini mchana kutwa, na hutoka kula majani giza likishaingia, foleni ikiwa imekwisha.

Mzigo wangu umekwisha. Mnasemaje?
— Tumeupokea, haukuvunjika!
Basi kunjeni mikeka, gunia lake nalichukua mwenyewe.

Ah, mnataka na funzo? Funzo ni hili: mdogo asithubutu kushindana na mwenye nguvu, maana ataumbuka. Kiboko mwenyewe ndiye aliyeniambia niwaambie hivyo, na mimi mdomo wake nimeuona kwa karibu. Siwezi kumbishia.