Mkaja wa Mize

Hapo zamani, na aliyekuja kuhurumia watu aondoke sasa hivi, alikuwako mjane akiitwa Bi Somoe. Nyumba yake ilijaa watoto yatima waliokataliwa na jamaa zao: huyu haoni, yule hasikii, mwingine hatembei. Watu wakamuuliza, "Utawalea mpaka lini?" Akajibu, "Wa kwenu mnawalea mpaka lini?"

Huyo asiyetembea ndiye Mize. Mamake alipozikwa, mama yake mdogo aliitazama miguu yake akasema, "Huyu mkosi, simtaki kwangu." Bi Somoe akamchukua siku ile ile.

Miaka ikapita, Mize akaposwa. Kumbe mlidhani hataposwa? Aliposwa! Siku ya harusi watu wa bwana harusi wakaleta mkaja, ile nguo anayopewa mama wa bibi harusi kwa kuwa alijifunga tumbo baada ya kumzaa. Mshenga akasema, "Mama ni nani? Asipotajwa, ndoa haifungwi."

Mama mdogo akaruka wa kwanza, khanga mpya kiunoni. "Ni mimi! Damu yake ni yangu."

Mize akamwambia, "Shikamoo, mama mdogo. Uliniita mkosi, na mkosi hauna mkaja. Kaa ule pilau kama wageni wengine."

Vigelegele! Mama mdogo akakaa, na pilau akala.

Bi Somoe akasema, "Mimi nilimpa nyumba. Walikuja kunivunjia mlango, eti naleta balaa mtaani. Nikasimama na mchi mkononi. Bila mlango ule angelala wapi?"

Bi Kidawa, mpishi wa nyumba ile, akainuka kwa shida. "Mlango haukumfikisha shule. Nilimbeba mgongoni miaka saba, masika na kiangazi. Tazameni mgongo wenyewe ulivyopinda!"

Akabaki Mwanakheri, mshonaji asiyeona, yatima aliyekulia humo humo kabla ya Mize. Mtaa mzima ulimwita katili.

"Mimi sikumbeba," akasema. "Mgongo wa Bi Kidawa uliposhindwa, Mize alitaka kujifungia ndani na aibu yake. Nikamwambia, tambaa. Alilia, akanitukana, nami nikakaa naye mlangoni mpaka akatoka. Kisha nikamfundisha cherehani ya mkono. Nguo aliyovaa leo kaishona mwenyewe."

Mshenga akanong'ona, "Basi tuukate vipande vitatu."

"Usithubutu!" Mize akang'aka. "Mimi sikulelewa vipande vipande."

Akaukunjua mkaja mapajani, machozi yanamtoka, kwa kuwa aliwapenda wote watatu. Akataja jina moja. Ndoa ikafungwa, na wawili waliokosa wakalia mbele za watu.

Jina hilo simwambii mtu. Semeni nyinyi, tena msijifiche nyuma ya huruma: aliyempa mlango, aliyempa mgongo, au aliyemwambia tambaa, je, nani alistahili mkaja ule?