Mawimbi Thelathini na Matatu ya Mama Chaza

Niwasimulie?

— Simulia, masikio tumeyatega!

Mtaniitikia?

— Mpaka neno la mwisho!

Hapo kale, kale sana, siku ya pili ya mwezi wa Rajabu, saa nane mchana, maji ya bahari yaliporudi pwani, Kombe alifariki.

Naam. Maji yaliporudi. Si yalipoondoka.

Kombe huyo, ndugu wa chaza, aliishi kwenye tope, chini ya mkoko. Juu yake, kwenye mzizi, aliishi jirani yake Mama Chaza na wanawe saba, wadogo kama ukucha. Ulikuwa msimu wa kaskazi, jua linachoma. Maji yakipwa, wote hufunga magamba na kuzuia pumzi. Siku ile walizuia tangu asubuhi.

Maji yalipogusa tope, akaja Kaa, magando juu.

"Kombe, ndugu yangu! Maji hayo! Fungua kifua, uvute pumzi!"

Kombe akafungua gamba lote mara moja. Akavuta pumzi kwa pupa.

Sasa sikilizeni. Pumzi ina moto ndani yake, wala hauonekani. Aliyeizuia muda mrefu, kisha akaimeza kwa pupa, moto ule humwakia mwilini. Ukamwakia Kombe. Akalegea, gamba wazi. Kaa akaingia, akala.

Watoto wa Chaza wakalia. "Mama, na sisi tutafanyaje?"

"Tutafungua polepole, wanangu. Wimbi moja, Subhanallah moja, uwazi wa unywele mmoja. Mpaka yatimie mawimbi thelathini na matatu."

Wakafuata, wakapona. Alilofanya mama ndilo walilofanya wao. Siku akikosea yeye, wote wamekwisha.

Ikaja masika. Mto ukamwaga maji ya mvua na matope. Mama Chaza akafunga gamba siku tatu. Siku ya nne Kaa akabisha.

"Hodi, Mama Chaza! Mvua imekatika. Umekuwa mwari, hutoki ndani?"

"Nimo kwenye tasbihi, bwana."

Wimbi, Subhanallah, unywele. Kaa akachoka hata kumi hayajafika, akaenda zake.

Likaja kusi, msimu wa upepo baridi. Maji baridi, yamejaa vumbi la kijani, chakula cha chaza. Wengine walistarehe. Mama Chaza alikula na kujiwekea mwilini dawa ya kuzima moto. Akala, akaweka. Akala, akaweka.

Kaa akamcheka. "Baridi yote hii, moto wa nini? Mchoyo we!"

"Kusi lina mwisho, bwana."

Kweli, likaisha. Kaskazi ikarudi na jua lake. Mama Chaza alikuwa ametoka kuzaa, mayai yamekwenda na maji, hana nguvu, sauti imekauka. Maji yakapwa tangu asubuhi. Yaliporudi, Kaa akaja mara ya tatu. Safari hii hakusema na mama. Alisema na watoto.

"Nyie wadogo! Mama yenu kazaa juzi, joto limemmaliza. Mwiteni muone kama ataitika. Fungueni haraka, mtakufa nanyi!"

"Mama?" akaita mdogo wa wale saba.

Akaita tena.

"Mama!"

Likapiga wimbi la kwanza. Ndani ya gamba ikatoka sauti ndogo: "Subhanallah."

Mama akafungua uwazi wa unywele mmoja. Moto ukamwakia. Dawa ya kusi ikauzima.

"Subhanallah," wakaitikia watoto saba.

Kaa akakasirika. "Leo nangoja!" Akakaza macho kwenye magamba. Wimbi la kumi, maji magotini. Wimbi la ishirini, maji machoni. Nyuma yake hakutazama. Wimbi la thelathini likaja na Pweza.

"Salaam aleikum, Bwana Kaa. Unamngoja nani?"

Kabla Kaa hajajibu, Pweza akamkumbatia, akamla.

Wimbi la thelathini na tatu likawakuta Mama Chaza na wanawe wazi kabisa, wanapumua.

Wapenzi wangu, dhiki huua, na pupa ya faraja huua pia. Wakati wa raha jiwekee. Ukitoka kwenye dhiki, toka taratibu, na Mungu ulimini.

Ngano yangu imetua. Mwenye kuipenda aichukue, aende nayo kwao.

Ee Mola, mrehemu Vuai, baba wa wanangu. Mpanulie kaburi lake, litie nuru, na uwarehemu maiti wa kila aliyenisikiliza. Amin.