Kiboko Asiyeonja Boga

Hadithi yangu ina mdomo mpana.

— Ilishe tuione!

Ikishiba itasema?

— Itasema, nasi tutasikia!

Na wewe uliyekalia gunia pale nyuma, umeitika au umepiga mwayo? Haya, nitachukulia kuwa umeitika.

Zamani, lakini si zamani sana, wanyama walikuwa na kanisa lao bondeni karibu na mto. Nasema si zamani sana kwa sababu kengele yao ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi, kwa hiyo lori lilikuwa limekwisha kupita hapo na kuharibika. Mpiga kengele alikuwa Pimbi, kamnyama kadogo kasiko na mkia, aliyekaa ndani ya ufa wa ukuta wa mawe wa ghala la kanisa. Kila Jumapili alishika jiwe lake, nge, nge, nge, na bonde lote likajua kumekucha.

Mchungaji wao alikuwa Korongo, mwenye shingo nyeupe, ndege aliyezaliwa na kola yake. Na mzee wa kanisa alikuwa nani? Alikuwa Kiboko. Kiboko alikalia benchi la mbele, benchi zima peke yake, na alipoitikia "Amina" vumbi lilidondoka kutoka darini. Ufunguo wa ghala ulikuwa shingoni mwake, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Nani atamshuku mtu mwenye Amina kubwa kiasi hicho?

Basi Sikukuu ya Mavuno ikakaribia. Kila mmoja alileta alichovuna, maboga, mihogo, ndizi, vikapangwa ghalani vingojee siku yenyewe. Desturi yao ni kwamba ibada ikiisha, mazao yananadiwa nje ya kanisa kwa kelele na vicheko, na mwaka ule mnada ulikuwa wa kuezeka darasa la watoto. Masika yaliyopita paa lilivuja, vifaranga wa Mama Kanga wakanyeshewa katikati ya wimbo.

Lakini mchana, jua likiwa kali na watu wako mashambani, mlango wa ghala ulilia kriii. Halafu ndani, chwaka, chwaka, gudum. Halafu kriii tena, kimya. Kesho yake kriii. Chwaka, chwaka, gudum. Pimbi alikuwa ndani ya ufa wake akisikia yote.

Akina mama walipokuja kufagia ghala walikuta rundo la maboga limebaki kichuguu. Kikao kikaitishwa. Wa kwanza kusimama alikuwa Kiboko, maana mwizi hodari ndiye wa kwanza kupiga yowe. Aliuliza ni nani anayelala ndani ya ukuta wa ghala. Tena akasema wanyama wengine ukiwashuku unawashika mkia, huyu hana hata pa kushikwa.

Pimbi hakubabaika. Alieleza alichosikia bila kuongeza wala kupunguza: mlango kriii, kisha chwaka, chwaka, gudum. Akasema kwamba taya zake yeye hazina sauti hiyo, na kwamba ufunguo hauko kwake. Macho yote yakaenda kwenye shingo ya Kiboko, na Kiboko akavimba.

"Mimi?" akasema. "Mimi boga sionji. Mhogo sionji, ndizi sionji. Tangu Kwaresima natafuna majani tu, kwa ajili ya Bwana. Mungu wangu anajua."

Wanyama waliguna kwa heshima. Mchungaji Korongo alimtazama Kiboko juu, akamtazama Pimbi chini, na tuseme ukweli, aliogopa. Akaamua Pimbi aweke chini jiwe la kengele na akae benchi la nyuma. Kama Mavuno yatafika na mwizi hajajulikana, ule ufa utazibwa kwa udongo, na Pimbi atafute pengine pa kuishi.

Pimbi alirudi ukutani kwake akalia. Kilichomuuma zaidi hakikuwa jiwe wala ufa. Vifaranga wa Mama Kanga, waliozoea kumwamkia kila asubuhi, sasa walipita upande wa pili wa njia.

Wenye akili kama zenu mngemshauri achukue maganda ya boga ayatupe mlangoni kwa Kiboko. Pimbi naye alilifikiria hilo, msidhani alikuwa malaika. Lakini akajiambia: jina nililonyang'anywa kwa uongo, nikilirudisha kwa uongo litakuwa limerudi likiwa limeoza. Sasa nina nini mkononi? Sina kengele, sina ufunguo, sina mkia. Nina maneno ya Kiboko mwenyewe. Hapo akaacha kulia na kupangusa pua.

Siku ya jumuiya ikafika. Jumuiya mnaijua, majirani wanakusanyika nyumbani kwa mmoja wao, wanasali, wanaimba, kisha mwenye nyumba anapakua. Kiboko hakukosa jumuiya hata moja, na hakufika kwa ajili ya wimbo. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mama Kanga, na harufu ya maboga ya nazi ilikuwa imeshatoka jikoni na kukaa katikati ya watu. Wakati wa shuhuda, Pimbi akasimama.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina."

"Namshukuru Mungu kwa ajili ya Mzee Kiboko. Mmemsikia wenyewe kwenye kikao: boga haonji, mhogo haonji, ndizi haonji. Ni majani tu. Ndugu zangu, tusimkwaze."

Akaketi. Vigelegele vikapigwa. Mama Kanga, mwanamke mwema asiye na makuu, aliona haya kwamba alitaka kumjaribu mtumishi. Akapakulia watu wote maboga ya nazi, na mbele ya Kiboko akaweka kifurushi cha majani mabichi, kimefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. Kiboko akatabasamu kwa meno yote. Tumbo lake likasema nguruuu.

Jumuiya iliyofuata ilikuwa kwa Mama Ngiri, aliyechoma mihogo. Kiboko alifika mapema, akakaa karibu na moto. Watu walipata mihogo, Kiboko akapata majani. Nguruuu. Iliyofuata ilikuwa kwa Mzee Kobe, aliyepika ndizi tangu asubuhi, maana kwa Kobe kila kitu huanza mapema. Watu walipata ndizi, Kiboko akapata majani. Nguruuu, nguruuu.

Mtasema si angerudi ghalani? Angerudije? Sifa zilikwisha kuvuka mto. Kwaya ilimfuata kila aendako, ikitaka kujifunza kufunga. Vijana walikaa mlangoni pake mchana kutwa. Halafu wakaja akina mama, wakampigia magoti, wakasema wamekosa sana kumwachia mtu wa Mungu ufunguo wa mahali penye harufu ya maboga. Wakauvua shingoni mwake taratibu, kwa wimbo. Angekataa kwa neno gani?

Siku ile Kiboko alimkuta Pimbi akianika majani, akamkaba kwa macho, akamuuliza ana nini cha kumsemasema kwa watu.

"Nasema ulichosema wewe, mzee," Pimbi akajibu. "Kama nimekosea hata neno moja nisahihishe, nami nitasimama mbele ya watu niliseme sawasawa."

Mlango wa ukweli ulikuwa wazi pale pale mbele ya Kiboko, lakini kwa jinsi alivyovimba hakupita. Akaenda zake, tumbo likimsema njia nzima.

Sikukuu ya Mavuno ikafika. Ringi ya lori aliigonga Ngedere siku hiyo, ovyo ovyo, na Pimbi akaisikiliza kutoka benchi la nyuma kwa uchungu. Udongo wa kuziba ufa ulikuwa umeshakandwa, uko nje kwenye karai. Mama Ngiri alileta boga moja kubwa mno, la rangi ya jua linapochomoza. Mchungaji Korongo akasema boga hili litapelekwa madhabahuni na yule asiyelitamani. Watu wakapiga makofi. Kiboko akainuka, boga likawekwa mikononi mwake, chini kidogo ya pua.

Mchungaji akaomba. Enyi watu, Korongo aliomba! Alishukuru kwa mahindi, akashukuru kwa kunde, akashukuru kwa mvua za vuli na kwa mvua za masika, akakumbuka choroko alizokuwa amezisahau, akarudi kushukuru kwa choroko. Kiboko akafumba macho. Pua haikufumba. Hatimaye Mchungaji akafika mwisho, na kanisa zima likangoja ile Amina kubwa ya Kiboko.

Kiboko akafungua mdomo kuitikia. Ulipofunguka haukumngoja.

Kwapu. Chwaka, chwaka, gudum.

Kichwa kimoja kikageuka, na kingine, mpaka watu wote wakawa wanatazama benchi la nyuma, alikokaa yule aliyewaeleza sauti ile tangu mwanzo, wasimsadiki. Mdomo wa Kiboko ulikuwa umeshamponza mwenyewe.

Kiboko akakaa chini, mbegu zikimdondoka midomoni, akalia.

"Ni mimi," akasema. "Hili na yale yote. Pimbi hakula hata mbegu. Nilipenda boga, nikapenda na kusifiwa, na nina njaa."

Mchungaji Korongo hakungoja mnada. Alitembea mpaka benchi la nyuma, akainamisha ile shingo ndefu mpaka chini, akamwomba Pimbi msamaha mbele ya watu wote, kwamba alipima ukweli kwa ukubwa wa mwili. Kisha akamrudishia jiwe lake. Nge, nge, nge. Vifaranga wa Mama Kanga walikimbilia nje kumwamkia, na mimi hapo huwa nafurahi kila nikisimulia.

Udongo wa kwenye karai ulitumika kukandika darasa la watoto, maana pesa za mnada hazikutosha paa. Mama Kanga alipakua sinia la maboga ya nazi, akalipeleka kwa Kiboko, na Kiboko akaona haya kuligusa. Pimbi akamsogelea.

"Kula, mzee. Leo unakula kwa jina lako."

Akala, na alisema hakuwahi kuonja boga tamu namna ile. Kisha akapelekwa benchi la nyuma. Alipolikalia lilisema kraa, kwa hiyo mpaka leo anaketi sakafuni. Mvua ziliponyesha, maboga yakaota njia nzima kutoka ghalani hadi mtoni, pande zote mbili, kwa maana desturi ya Kiboko akienda haja mnaijua, hutawanya kwa mkia, na mkia wake hauna ubahili. Hakuna aliyeuliza mbegu zimetoka wapi. Yalinadiwa Mavuno yaliyofuata, darasa likaezekwa, na Kiboko ndiye aliyeyabeba yote, njia nzima, bila kung'ata hata moja.

Hadithi yangu imeshiba.

— Ifunge mdomo!

Haifungi kabla ya mafunzo. Mafunzo ni haya: jina jema ni kitu cha hatari, linanyima watu chakula. Afadhali jina baya, ule ushibe. Na mwenzako akikukosea usimseme vibaya, msifu mpaka azirai. Kwa hiyo nami namshukuru Mungu kwa ajili yenu, watoto wangu, maana najua hakuna hata mmoja wenu aliyegusa zile karanga zangu zilizokuwa ndani ya gunia.

Mbona wewe wa pale nyuma umeacha kutafuna?