Ukuta wa Plastiki

Reli ni ukanda mwembamba wa chuma, hata mtoto huuruka asijikwae, lakini garimoshi lililosheheni mizigo hupita juu yake likaenda zake. Ndiyo maana wahenga walituonya tusipime nguvu ya kitu kwa umbo lake. Onyo hilo lilikuwa limesahauliwa kabisa katika karakana moja ya kuunda vyombo vya anga.

Hapo walifanya kazi ndugu wawili wa tumbo moja. Dada mkubwa alikuwa rubani, aliyeteuliwa kuwaongoza wenzake watatu kuuzunguka mwezi. Mdogo wake, mhandisi mpole asiyependa makuu, alipewa jukumu la kuwakinga na mionzi. Sisi tulio huku chini hatuna shaka: sumaku ya dunia huikengeusha mionzi mingi itokayo kwenye jua na nyota za mbali, na hewa iliyotufunika huimeza karibu yote inayopenya. Anayeziacha ngao hizo mbili sharti abebe ya kwake.

Mhandisi alipendekeza chumba kidogo cha kujificha, chenye kuta za plastiki nzito nyeupe. Mkuu wa karakana, bingwa wa metali, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alisema kinga ya mionzi ni risasi, ile metali iwekwayo kwenye vyumba vya eksirei. Plastiki ni ya ndoo na mabeseni. Kicheko kikaenea kama moto nyikani. Kilichomchoma mhandisi moyo zaidi ni kumwona dada yake naye akitabasamu.

Jioni, wakimenya viazi jikoni, rubani alifunguka.

"Mdogo wangu, wenzangu wana watoto. Nitawaambiaje kwamba nimewaficha nyuma ya beseni?"

"Usiwaambie kitu, dada. Kesho njoo uone kwa macho yako."

Kesho yake wote walikusanyika kwenye chumba cha majaribio, penye mtambo wa kurusha chembe kama zile za mionzi ya angani. Kwanza liliwekwa bamba la risasi. Chembe zikazipiga atomi zake nzito, zikazivunja, na vipande vikachomoza upande wa pili kama changarawe, kipimo cha mionzi kilichowekwa nyuma yake kikapanda. Kisha ikawekwa plastiki ya uzito uleule. Humo mmejaa hidrojeni, atomi nyepesi kuliko zote, zisizo na cha kuvunjikavunjika. Chembe zikapunguzwa mbio, kipimo kikashuka. Mkuu akaamuru jaribio lirudiwe. Likarudiwa, mambo yakawa yaleyale.

"Anayesafiri ni mimi," rubani akasema. "Nijengeeni alichosema mdogo wangu."

Chombo kikaruka. Walipokuwa wanaukaribia mwezi, jua lililipuka na kumwaga tufani ya mionzi. King'ora kikalia. Rubani akawasukuma wenzake ndani ya chumba cheupe, wakabanana kama njiti kwenye kiberiti. Duniani, mhandisi aliketi mbele ya redio, akikataa chakula na kukataa kupokewa zamu. Nyuma yake alisimama mkuu wa karakana. Tufani ilivuma kutwa kucha. Mwishowe sauti ikaja, imechoka lakini imetulia.

"Mdogo wangu, kipimo cha nje kimepita alama nyekundu. Cha humu ndani hakijafika hata njano. Tuko salama, wote wanne."

Mhandisi aliinamisha kichwa mezani akalia kwa furaha.

Waliporejea, madaktari waliwapima wakawakuta wazima kama chuma cha pua. Karakana nzima ikalipuka kwa vigelegele. Mafundi wakambeba mhandisi juujuu, dada yake akitangulia mbele kama bibi harusi. Mkuu wa karakana alipenya umati, akamshika mkono mbele ya wote.

"Mwanangu, nilikucheka kwa ujinga wangu. Kuanzia leo, hakitaruka chombo hapa bila ukuta wako."

Naam, wembamba wa reli, garimoshi hupita.