Kawa la Mbwa wa Sultani Rahbani

Hapo zamani, enzi ambazo mbwa wa jumba la kifalme aliweza kumpita kadhi kwa cheo, palikuwa na Sultani aitwaye Rahbani, aliyependa kuwinda paa kuliko alivyopenda kutawala. Alikuwa na mbwa wake wa kuwinda, jina lake Tarishi, mwembamba, mwenye miguu mirefu na macho ya huruma. Watu wa mji ule wakimwona mbwa hukusanya kanzu zao na kusogea ukutani, wasije wakaguswa na pua yake mbichi wakalazimika kujitoharisha. Lakini Tarishi alipopita, mabwana wakubwa walisimama wakamwamkia, kisha wakaenda kufua nguo zao kimyakimya.

Katika baraza ya Sultani mlikuwa na desturi kongwe. Babu yake aliuawa kwa sumu iliyotiwa katika halua, na tangu siku hiyo hakuna kitu kilichoingia kinywani mwa Sultani ila kimeonjwa kwanza na waziri. Waziri wa zama hizo, Jauhari, aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Alionja pilau, akaonja visheti, akaonja hata maji, mpaka tumbo lake likawa linamtangulia kuingia barazani.

Basi ikawa Tarishi akashikwa na maradhi ya ngozi. Alianza kwa kujikuna, manyoya yakamtoka ubavuni na mgongoni, vikazuka vidonda vya usaha, na harufu yake ikaushinda udi wote wa jumbani. Sultani akawa hali wala halali. Akaitwa Mzee Khatoro, tabibu wa punda, naye akasaga kibiriti upele, ule unga wa manjano, akauchanganya na samli, akampaka mbwa vizuri. Tarishi akageuza shingo, akalamba dawa yote pasibaki hata tone, kisha akaitapika juu ya zulia.

Mzee Khatoro akasema, "Bwana wangu, dawa ya kupaka haiponyi ikiwa tumboni. Nipe ruhusa nimvishe hili." Akatoa kawa, lile la ukindu tunalofunikia chakula, amelikata ncha yake ili kichwa cha mbwa kipite, na ulimi usiweze kufika ubavuni.

Waziri Jauhari, ambaye hakuiacha hata siku moja nafasi ya kujipendekeza impite, aliruka kama aliyekalia siafu. "Astaghfirullahi! Kawa la kufunikia wali, shingoni mwa mbwa wa Bwana wetu? Tarishi ni nafsi ya Sultani. Amzuiaye Tarishi kulamba, amemzuia Sultani kula!"

Sultani akapendezwa na maneno hayo, kwani wenye enzi hupendezwa na upuuzi mradi usemwe kwa kuinama. Akatoa amri kwamba mbwa apakwe dawa mpaka apone, ila asifungwe, asivishwe kitu wala asikemewe, na akiilamba dawa, tabibu wake ni gerezani. Mzee Khatoro akawa wa kwanza kuingia humo. Wakamfuata waganga wengine, mmoja baada ya mwingine, naye Tarishi akazidi kunenepa kwa samli huku ngozi ikimwoza.

Khatoro huyo alikuwa na mkwe, mume wa bintiye, aitwaye Mshamu, fukara asiye na mbele wala nyuma. Mshamu hakujua kutibu hata chawa zake mwenyewe, na watu walimwita mjinga, jina ambalo hakujishughulisha kulikataa kwa kuwa lilimwepusha na kazi nyingi. Siku moja mkewe Mwanatumu akamsimamia kitandani, akamwambia, "Baba yangu anakohoa gerezani, kifua kinambana, nawe umelala chali watazama boriti. Wallahi akifia mle, usinijue nisikujue."

Mshamu akainuka. Alimpenda mkewe, na kumwogopa alimwogopa. Akaenda moja kwa moja hadi barazani na tope miguuni, akapiga magoti.

"Bwana wangu, mimi nitampaka Tarishi dawa. Akipona, wafungue waliofungwa kwa ajili yake. Akiilamba, kichwa changu hiki."

"Wewe ni tabibu?" akauliza Sultani.

"La, Bwana wangu, mimi ni mjinga. Ndiyo maana naomba nifafanuliwe. Nasikia Tarishi ni nafsi yako. Je, kila heshima ufanyiwayo wewe, naye aistahili?"

Kabla Sultani hajafungua kinywa, Waziri akadakia, "Haina shaka! Kila desturi ya Bwana wetu ni desturi ya Tarishi, asipunguziwe hata moja!"

"Basi ipigwe mbiu," akasema Mshamu, "nisije nikaambiwa nimezua."

Mbiu ikapigwa mji mzima. Siku ya pili baraza ikajaa, wengine wakiwa wamekuja kuona mbwa akipona, na wengi zaidi wakiwa wamekuja kuona kichwa kikianguka. Mshamu akachukua dawa ileile ya mkwewe, kibiriti upele na samli, akampaka Tarishi ubavu, akampaka mgongo, akafika huko chini ya mkia, na huko akaizidisha kwa mkono wa ukarimu. Kama hesabu yake juu ya tabia za watu wale ingekosea, jioni ile Mwanatumu angekuwa hana baba wala mume. Tarishi akanusa ubavu wake, akatoa ulimi.

Mshamu hakumkemea mbwa. Alimgeukia Waziri, akapaza sauti, "Ewe Waziri, mbona umekaa? Bwana wetu anataka kula, na chakula hakijaonjwa!"

Waziri akasema, "Bwana wangu, huyu ana wazimu."

"Ninao," akajibu Mshamu, "lakini mbiu ilipigwa na wenye akili. Tena mimi ni mkwe wa mfungwa, nina kinyongo. Nani ajuaye nimetia nini katika samli hii?"

Sultani aliposikia habari ya sumu akamkumbuka babu yake, na rangi ikambadilika. Akasema, "Onja, Jauhari. Upesi."

Waziri akatazama kulia, akatazama kushoto, asione wa kumwokoa. Akapiga magoti kwa taabu, tumbo likitangulia, akafumba macho, akaulamba ubavu wa mbwa. Kibiriti, samli, manyoya, na vile vingine vya kwenye kidonda, vyote akavimeza, kwani barazani hakutemwi mate. Tarishi akafurahi kupata mwenzake, akamlamba Waziri shavu, kisha akageukia mgongo.

"Hilo ni tonge la pili," akasema Mshamu kwa adabu. "Au Bwana wetu huonjewa la kwanza tu?"

Waziri akaonja na mgongo, machozi yakimlengalenga. Na Tarishi, ambaye hakufundishwa adabu za baraza, akakaa chini, akainua mguu juu, akauelekeza ulimi huko chini ya mkia.

Waziri akapiga ukelele uliosikika hadi sokoni. "Kawa! Lile kawa la yule mzee! Lileteni, jamani, lileteni!"

"Wewe si ndiwe uliyesema kawa ni matusi?" akauliza Sultani.

"Si matusi, Bwana wangu, ni taji! Sultani gani akaaye bila taji?" Wala hakungoja jibu. Akalikimbilia mwenyewe, akaja nalo akihema, na kwa mikono yake mwenyewe akamvisha mbwa.

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, na baraza yote ikacheka naye. Kisha akanyamaza ghafla, kwa kuwa alikumbuka kwamba mbwa yule ni nafsi yake, na raia wake wote walikuwa wakiitazama nafsi hiyo ikiwa imevaa kawa.

Ikawa dawa ikakaa mwilini. Vidonda vikakauka na manyoya yakarudi. Waziri aliosha kinywa chake mara saba, moja kwa udongo, kama sheria itakavyo, na wasema hakuacha kusukutua mpaka uzee wake. Wajipendekezao hawakukosa la kujifunza, maana Ijumaa iliyofuata mabwana kadhaa walikuja barazani na makawa shingoni, wakidhani ndiyo heshima mpya.

Mlango wa gereza ukafunguliwa, waganga wakatoka. Mzee Khatoro akatoka wa mwisho, amemshika bintiye bega, akamkuta Mshamu ameketi kizingitini. Mzee hakuwahi kumwita mkwe huyo kwa jina lolote ila mvivu.

"Mwanangu Mshamu," akasema, "nimeambiwa mbwa amepona. Ulimtibu kwa dawa gani?"

"Yako ileile, baba," akajibu Mshamu. "Nilibadilisha mlambaji tu."