Kucha za Saru Mkamburi

Jumamosi ile, sebuleni mwa Peninah Mghoi Mwakio, walikuwapo hawa. Peninah mwenyewe, mwenyekiti wa akina mama. Namtaja Mwakio wa Werugha, si yule wa Mgange. Alikuwapo Rahab Mnjala, kiongozi wa kwaya. Alikuwapo Dorcas Wakio, aliyechemsha maji. Alikuwapo Eshta Wawuda, binti aliyejifunza kazi ya kucha mjini Voi. Na alikuwapo Saru Mkamburi, mjane. Mfano huu nimeutunga, ndugu zangu, lakini watu wake nimewapa majina, kwa sababu asiye na jina tunamsahau kabla hatujafika nyumbani.

Kesho yake Askofu alikuwa anakuja. Saru ndiye aliyechaguliwa kupeleka mkate na divai mezani. Kwa miaka kumi na tisa hakuwa ameitwa mbele hata mara moja.

Wanawake walikuwa wakitengeneza mikono. Walilowesha vidole katika maji ya uvuguvugu, wakakata kucha, wakazipiga tupa, wakapaka rangi ya kiasi, inayofaa kanisani. Zamu ya Saru ilipofika, akaficha mikono ndani ya leso.

“Lete, mama, siumi,” akasema Eshta.

Akaitoa. Kucha zilikuwa zimebanduka tabaka kwa tabaka, na nyingine zimepasuka hadi kwenye nyama.

“Ee, Mama Mwadime!” akasema Rahab, akimwita Saru kwa jina la mwanawe. “Hizo ni kucha au ukoko wa sufuria?”

Wakacheka. Saru naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Eshta hakucheka. Alizikata fupi, akapitisha tupa polepole akienda upande mmoja tu, akazisugua kwa mafuta ya nazi hadi kwenye shina.

“Rangi sikupaki, mama. Itaficha tu, na siku ya kuitoa itaondoka na ukucha. Paka mafuta kila jioni. Na ile dawa ya kung'arishia nguo, usiiguse miezi miwili.”

“Miezi miwili? Na kazi, je?”

“Basi vaa glavu.”

“Nilizokuwa nazo zimetoboka, mwanangu.”

Peninah akaingilia. “Kazi itangoja. Na kesho, mwenzangu, usikasirike. Askofu ataiona mikono hiyo. Mkate apeleke Dorcas. Wewe utapeleka siku nyingine, zikishapona.”

Saru akairudisha mikono ndani ya leso.

“Sawa. Zikipona mtaniita?”

“Tutakuita.”

Basi akatii. Kila jioni alipaka mafuta. Sabuni kali hakuigusa. Jumapili alikaa kiti cha nyuma, mikono juu ya magoti, na kucha mpya zikaanza kuota, nzima na ngumu. Hakuna aliyemwita.

Kanisa lile lilikuwa na kanzu za kwaya ishirini na nne, zote nyeupe. Baada ya ibada waimbaji walizitupa katika gunia nyuma ya mlango, na Jumapili iliyofuata walizikuta zimetundikwa, safi. Sasa kola zikaanza kuwa nyeusi. Jumapili ya sita gunia likanuka. Siku hiyo Saru hakuja, na hilo halikuonekana. Gunia ndilo lililoonekana.

“Kwani kanzu hizi hufuliwa na nani?” akauliza Rahab.



“Saru,” akasema Dorcas. “Kila Jumatatu huzianika uani kwake.”

“Nawe ulijua?”

“Nilijua. Nilidhani nanyi mnajua.”

Ndugu zangu, sina nguvu ya kupaza sauti asubuhi hii, na sidhani kama sauti itasaidia. Nawauliza tu. Kati ya wanawake wale wanne, ni nani aliyeshindwa kumletea mwenzake jozi moja ya glavu? Kucha zile ziliharibika kwa kazi gani, kama si kwa weupe wa kanzu za wale waliozicheka? Eshta alitoa dawa iliyo sahihi, na ilifanya kazi. Lakini je, kuna aliyemuuliza mgonjwa, “Umeyapata wapi haya?” Sisi tunaiona mikono iliyoharibika, tunaisogeza nyuma ili wageni wasiione, kisha tunavaa kilichofuliwa nayo na kumwimbia Mungu. Msiniambie kwamba hatukujua. Dorcas alijua, na ndiye aliyebeba mkate. Na sisi tusiojua, tuliuliza lini?

Sakafu mnayokanyaga ilipigwa deki jana. Viti vimepanguswa. Mkitoka, msianze kwa kunipa mkono mimi. Mtafuteni aliyefanya kazi hiyo, mwulizeni jina lake, mwulizeni na hali yake.

Mtataka kujua kama walikwenda kwa Saru. Walikubaliana kwenda Alhamisi, kumwambia kwamba sasa ataitwa. Dorcas aliuliza kama walichukue na gunia. Rahab akasema walichukue tu, maana safari ni moja.

Saru Mkamburi alikufa Jumatano.